Pikipiki mpya na ile stiki ya oili

Wengi wanaamini pikipiki ikitoka dukani oili haiguswi mpaka sevisi ya kwanza, na ukicheki ikaonekana iko chini basi jaza mpaka juu. Yote mawili si sahihi. Injini mpya inaweza kula oili kidogo vyuma vikiwa bado vinazoeana, so icheki tu. Ila cheki ikiwa wima kwenye dabo stendi, maana ukiilaza kwa stendi ya pembeni kipimo kinadanganya. Washa dakika 3 hivi, zima, subiri kidogo, futa stiki (kijiti cha kupimia oili), ichomeke (modeli nyingi bila kufunga nyuzi, kitabu cha pikipiki kitakwambia). Ichomoe uangalie: oili ikiwa kati ya alama mbili za stiki inatosha, kuzidisha kunaleta povu na sili (mipira ya kuzuia oili isitoke) kuvuja.