Heroe Mdogo wa Bonde la Ufa: Yasemwayo na Yaliyo Kweli

Watu wengi husema kwamba heroe mdogo, ndege aliyezoeleka kwa jina la flamingo, ameangamia, kwa kuwa ule utepe wa rangi ya waridi wa makundi yake uliozunguka Ziwa Nakuru hauonekani tena kama zamani. Dhana hii inatokana na kuchukua ziwa moja kuwa ndilo makazi yake. Heroe hana ziwa lake. Huruka usiku kati ya Nakuru, Bogoria na Elmenteita nchini Kenya, na Natron na Manyara nchini Tanzania, akifuata chakula, hivyo hesabu ya Nakuru pekee, hata ikifanywa kwa uangalifu, hueleza hali ya ziwa hilo msimu huo kuliko hali ya ndege wenyewe. Kwa Afrika Mashariki nzima hukadiriwa kuwa kati ya milioni 1.5 na 2.5, na hesabu ya kuaminika ni ile inayofanywa kwenye maziwa yote kwa wakati mmoja, Kenya na Tanzania.

Wengine hudhani kwamba ndege wa majini hunufaika maji yanapoongezeka. Kwa heroe ni kinyume. Tangu mwaka 2010 hivi Ziwa Nakuru limepanda hadi kulimeza lango kuu la zamani la hifadhi, na magadi yake yakazimuliwa, ilhali spirulina, mwani ambao ndio chakula kikuu cha heroe, hustawi katika maji makali ya magadi.

Dhana ya tatu ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi: kwamba ndege wanaohesabiwa kwa mamilioni hawana la kuhofia. Katika Afrika Mashariki, Natron ndilo ziwa pekee wanalozaliana kwa kawaida. Maji yakizidi, viota vya matope hufurika. Yakipungua mno, fisi na mbweha huweza kuvifikia kwa miguu. Jike hutaga yai moja tu, na kwa kuwa heroe huishi miongo kadhaa, makundi ya wakubwa yanaweza kuendelea kupendeza macho huku makinda yakikosekana kwa miaka mfululizo. Mwaka 1962, Natron ilipofurika, walikwenda kutaga Ziwa Magadi, ambako chumvi iliganda miguuni mwa makinda kama pingu, ikabidi watu waivunje kwa mikono ili kuwaokoa.