Nani Ataniosha?

Mwaka 2020, katika kazi yangu ya ushauri nasaha hapa Mombasa, nilianza kutumia kipimo cha hofu ya korona kilichotungwa Iran mwaka huohuo. Kina maswali 7, kila moja alama 1 hadi 5, kwa hiyo jumla ni kati ya 7 na 35. Je, viganja vinakutoka jasho ukiifikiria korona? Moyo unakwenda mbio? Unakosa usingizi? Unaogopa kufa?

Ni kipimo kizuri. Watu wazima wengi, wanaume hasa, hukiri kwamba moyo unawadunda kabla ya kukiri kwamba wanaogopa.

Bibi mmoja wa Mji wa Kale ndiye aliyenionyesha kinachokosekana. Tulizungumza kwa simu, maana tarehe 6 Mei serikali ilitangaza kuufunga mtaa wao pamoja na Eastleigh ya Nairobi, asiingie mtu wala asitoke. Ramadhani ilikuwa katikati. Nilipofika swali la kufa alinikatiza: "Mwanangu, kufa nimeshaandikiwa. Mimi nataka kujua nani ataniosha."

Alikuwa ameona kwenye taarifa ya habari jeneza likishushwa mbiombio na watu waliovaa mavazi meupe mwili mzima, jamaa wamesimamishwa mbali. Tangu usiku huo hakupata usingizi.

Wakati ule wakazi walilaumiwa kwamba hawajitokezi kupimwa, na wako waliowaita wajinga. Walikosewa sana. Ukikutwa na korona ulitengwa, na waliopelekwa karantini mwanzoni walitakiwa kujilipia wenyewe. Siku 14 bila kibarua ni kodi ya nyumba imekwenda. Halafu kuna majirani. Kama riziki yako ni kuuza mahamri, gari la wagonjwa likisimama mlangoni mwako mara moja tu, nani atanunua tena? Hakuna swali hata moja kati ya yale 7 linalogusa kodi, jirani wala mazishi.

Kwa hiyo yule bibi sikumpa mazoezi ya kupumua. Nilimtafutia ustadhi, akamweleza kwa upole kwamba maiti asipoweza kuoshwa hutayamamishwa, yaani hupakwa udongo safi badala ya maji, na haki yake haipotei. Kisha yeye na mpwa wake wakapatana nani atasimamia mambo yake akiugua.

Wiki iliyofuata nilimpigia tena. Tulipofika swali la usingizi, aliniambia amelala mpaka alipoamshwa kula daku.