Risasi si ganda

Kijana mmoja alikuja barazani kwetu, Wete, funguo zake zimening'inia kwenye kijibomba cha shaba ya manjano kilicho wazi upande mmoja, akatuonyesha kwa fahari kuwa ile ni risasi. Kosa hili nimelisikia mara nyingi mno, hata kwa wasomi, na siku ile subira ilinishinda.

Risasi ni kile kipande kinachotoka mdomoni mwa bunduki. Kinachotiwa ndani ya bunduki za leo kina sehemu nne: ganda la shaba iliyochanganywa na zinki, fataki ya kuwashia kitakoni, baruti tumboni na risasi kichwani. Bunduki ikishalia, fataki na baruti zimekwisha kuungua na risasi imekwenda zake; linaloanguka chini ni ganda.

Asili ya neno yatosha kumaliza ubishi. Tumelipokea kutoka Kiarabu, ambako rasasi ni ile madini nzito, laini, ya kijivu, inayoyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, joto ambalo moto wa kuni huliweza (ila moshi wa madini hiyo ni sumu, na asithubutu mtu kuiyeyushia katika sufuria ya kupikia). Kwa wepesi huo watu waliimimina katika kalibu wakapata vidonge vya kupigia. Zama za gobori, baruti ilitiwa kwanza kwa mdomo wa mtutu, ikashindiliwa, kisha risasi ikafuata; hapakuwa na wa kuvichanganya, kwani kila kimoja kilikuwa na mfuko wake. Katika karne ya 19 vyote vilipofungwa pamoja ndani ya ganda, Waswahili walikiita kitu hicho kiasi, kwa maana ya kipimo kilichokwisha kupimwa. Ni jina zuri, nasi tumeliacha likafa, tukaiachia sehemu moja imeze jina la zima.

Matokeo yake ndiyo hayo ya kuambiwa kuwa askari kapiga "risasi baridi", ilhali kilichopigwa hakina risasi hata chembe: mna fataki na baruti tu, na kishindo. Mizinga 21 ya heshima nayo ni hivyo hivyo. Inanguruma, lakini hakuna kinachoruka.

Pale pale barazani palikuwa na mzee akishona jarife, wavu wa kuvulia, maboya ugwe wa juu, na ugwe wa chini vipande vya kijivu alivyokuwa akivibana kwa koleo kimoja kimoja. Nilimwomba kimoja, nikakiweka kiganjani mwa yule kijana, akashangaa uzito wake. Nikamwambia, mwanangu, hii ndiyo risasi. Hilo la funguo ni ganda lake, na halina ubaya wowote ukiliita hivyo.