Kabla hujamwandikia profesa, jua nani ameshika pesa

Barua pepe moja ya wiki hii imeanza na "Mheshimiwa Profesa", halafu jina langu kwa herufi kubwa kuliko maneno mengine, rangi ya kijivu. Limenakiliwa kutoka tovuti ya idara na kubandikwa vilevile. Aya ya pili imesifia kazi zangu bila kutaja hata moja, na mwishoni swali: je, nina ufadhili wa kumsomesha uzamivu (PhD)? Sikujibu. Si vizuri, najua, ila barua za aina hiyo zinanijaa kila wiki.

Kosa la mwandishi si adabu. Hakujua anaomba nini kwa nani.

Marekani, vyuo vingi hudahili kupitia kamati ya programu. Maombi mengi hufungwa Desemba, na posho huja pamoja na udahili, kwa kufundisha au kusaidia utafiti. Profesa wa huko muulize jambo moja tu: mwaka ujao anapokea mwanafunzi mpya? Uholanzi, Uswidi na Norwei, uzamivu kwa kawaida ni ajira. Nafasi inatangazwa, ina mshahara na mkataba, hivyo fuata tangazo. Uingereza mara nyingi utaanza na msimamizi na andiko la utafiti, lakini udahili na ufadhili ni milango miwili. Wapo wanaokubaliwa chuoni na wakabaki nyumbani kwa kukosa ada.

Soma masharti hadi mstari wa mwisho. Nafasi za uzamivu za Marie Skłodowska-Curie, zinazogharimiwa na Umoja wa Ulaya, hazimpokei aliyeishi au kufanya kazi katika nchi husika zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 kabla ya kuajiriwa. Kwa hiyo aliyetoka kumaliza uzamili wa miaka miwili katika nchi hiyohiyo anakwama hapo, hata awe na alama nzuri namna gani.

Barua ninayoijibu huwa fupi. Mmoja aliniandikia hivi: "Makala yenu imepima mvua kwa vituo vya ardhini pekee. Kwenye tasnifu yangu ya uzamili nilitumia picha za setilaiti, na kwenye miinuko matokeo yangu yanapishana na yenu." Kisha akaambatisha wasifu na kurasa mbili za andiko. Nilimjibu siku hiyohiyo, tena kwa kubishana naye kidogo. (Alikuwa sahihi kuhusu miinuko.) Akikaa kimya profesa, mkumbushe mara moja baada ya wiki mbili, halafu mwache.

Ukiitwa kwenye mahojiano, omba kuzungumza na wanafunzi wake, yeye asiwepo. Hapo ndipo utajua anarudisha sura ya tasnifu baada ya siku ngapi, nani aliacha katikati na kwa nini. Waulize pia aliyemaliza mwisho alitumia miaka mingapi. Kama pesa ni ya miaka mitatu na yeye alimaliza kwa minne na nusu, uliza ule mwaka na nusu alikula nini.