Saini haihitaji mwandiko wa kuunga

Huku Mtwara toka niko mdogo nasikia eti mtoto asipofundishwa mwandiko wa kuunga, ule wa herufi zinazoshikana, hatoweza kusaini, na ndo maana wazazi wengi wanataka shule ziendelee nao. Sio kweli jamani. Saini ni alama yako tu ya kukubali, hata ukiandika jina kwa herufi za kuachana inafaa, msimu wa korosho nilimuona bibi mmoja Newala kapaka dole gumba wino wa bluu, akaligandamiza kwenye fomu ya chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, basi, imepita. Ufini toka 2016 mwandiko huo sio lazima shuleni na watu wanasaini kama kawaida. Mimi bado nautaka ufundishwe kidogo, watoto waweze kusoma barua za babu zao.