Kidonge cha Kuzuia Kutapika Safarini Humezwa Kabla Boti Haijaondoka

Kusi likianza kuvuma, mkondo kati ya Unguja na Pemba hauwi ule wa jana. Abiria aliyepanda boti akiwa mzima huanza kutokwa na jasho baridi, mate yakamjaa mdomoni, na hapo ndipo anapokumbuka kuuliza nani ana kidonge. Amechelewa. Mtu akishachafukwa na moyo, tumbo lake hupunguza kasi ya kusukuma vitu kwenda kwenye utumbo, na dawa nyingi huingia kwenye damu kupitia utumbo. Kidonge alichomeza hubaki tumboni, kisha hutoka pamoja na matapishi. Wanaosafiri kwa basi kwenye kona za Kitonga au za kupanda Lushoto yanawakuta yaleyale.

Chanzo ni ubongo kuletewa habari mbili zinazopingana. Sikio la ndani, lenye mifereji midogo yenye majimaji, linasema mwili unayumba. Macho yaliyokazia simu yanasema tumetulia. Antihistamini (dawa za aleji) za zamani hupenya hadi kwenye ubongo na kutuliza ishara hizo kabla hazijaamsha kituo cha kutapika. Zinazofahamika zaidi ni promethazini na sinarizini (hii ya pili, kwenye pakiti, jina lake huanza na herufi C).

Si kila dawa ya aleji inafaa. Setirizini na loratadini, ambazo watu wengi wanazo nyumbani kwa ajili ya mafua ya aleji na kuwashwa, zilitengenezwa zisiingie sana ubongoni ili mgonjwa asisinzie. Kwa sababu hiyohiyo hazizuii kichefuchefu cha safari. Kwa hiyo dawa itakayokusaidia baharini ni ya kundi lile linaloleta usingizi, na tahadhari karibu zote ninazozieleza hapa zinatokana na jambo hilo.

Mtu mzima humeza promethazini miligramu 25 usiku wa kuamkia safari, au saa moja hadi mbili kabla ya kuondoka. Sinarizini nayo humezwa mapema, lakini vidonge vyake havina nguvu moja: vipo vya miligramu 15 na vipo vya 25. Hesabu miligramu, usihesabu vidonge, na ufuate maelezo ya pakiti uliyonayo mkononi. Ndiyo maana nasisitiza usikubali kidonge kimoja kilichokatwa kutoka kwenye karatasi yake na kuuzwa bila jina wala tarehe ya mwisho wa matumizi. Nunua famasi au duka la dawa muhimu, tena siku moja kabla, ili upate nafasi ya kuuliza.

Usingizi wa promethazini hauishi boti inapofunga gatini. Unaweza kuendelea hadi kesho yake asubuhi, na mtu akajiona yuko sawa ilhali mikono na macho yake bado ni mazito. Aliyeimeza asiendeshe gari, bodaboda wala mashine siku hiyo. Pombe iachwe kabisa. Diazepamu, tramadoli na dawa nyingine za usingizi au za maumivu makali zisichanganywe nayo bila ushauri wa daktari, kwa kuwa zikikutana zinaweza kudhoofisha hata upumuaji. Angalia pia dawa za mafua na za kikohozi: nyingi zina antihistamini ndani yake, na mwenye mafua anayemeza na kidonge cha safari huwa amejipa dozi mbili bila kujua.

Mwenye presha ya macho, aliyevimba tezi dume, mwenye kifafa na mjamzito waongee kwanza na daktari au mfamasia. Wazee wanahitaji uangalizi zaidi, kwani dawa hizi huweza kuwachanganya akili, kuwazuia kukojoa, na kuwaangusha wanapoinuka kitini. Kwa mzee anayesafiri masafa mafupi ningependelea tujaribu kwanza njia zisizo za dawa: akae katikati ya boti au viti vya mbele vya basi, atazame mbali pale mbingu inapokutana na bahari, apate hewa, ale kidogo, na asisome chochote.

Jambo linaloniumiza zaidi ni watoto kupewa promethazini ili tu walale njia nzima, wasisumbue abiria. Mtoto aliye chini ya miaka 2 asipewe dawa hii hata kidogo. Inaweza kusimamisha pumzi yake. Watoto wachanga, hata hivyo, ni nadra kuugua kichefuchefu cha safari, hivyo mzazi huwa anaingia kwenye hatari hiyo bila sababu. Walio zaidi ya miaka 2 dozi yao hupangwa kwa umri na dawa husika, na kukata kidonge cha mtu mzima kwa kukisia si kipimo. Wapo pia watoto ambao badala ya kulala hucharuka, wakalia na kuhangaika. Ukiona hivyo usiongeze dozi. Mtoto akiwa mgumu kuamka, akipumua polepole au akitetemeka mwili mzima, mpeleke hospitali mara moja na uichukue pakiti ya dawa, ili wahudumu wajue alichopewa, kiasi gani na saa ngapi.