Mesothelioma si saratani ya mapafu, wala si ya mabati

Wiki iliyopita, kwenye tanga moja hapa Langoni, Lamu, nililisikia neno hili likiteswa jioni tatu mfululizo. Jioni ya kwanza tuliambiwa marehemu ameondoka na saratani ya mapafu. Ya pili mtu akauliza, kwa ile sauti ya chini ambayo baraza zima huisikia, kama mzee alikuwa akivuta kwa siri. Ya tatu, baada ya hitima, ami mmoja akakata shauri: "Hiyo ndiyo saratani ya mabati." Kijana aliyekaa ubavuni mwake akainua macho kwenye paa la jirani, akajivuta kidogo upande wa pili wa mkeka.

Mimi karatasi ya hospitali nilikuwa nimeiona, kwa sababu mtoto wa marehemu aliniletea nimsomee. Imeandikwa mesothelioma, upande wa kulia. Sigara haimo, mabati hayamo.

Maana yake naimaliza haraka. Mesothelioma ni saratani ya utando mwembamba unaovika viungo vya ndani ya mwili. Mara nyingi huanzia kwenye utando wa mapafu, mara chache zaidi kwenye utando wa tumbo, na kwa nadra sana kwenye ule wa moyo au wa korodani. Sababu yake kuu inayojulikana ni nyuzi za jiwe liitwalo asbesto alizozivuta mtu kwa pumzi miaka mingi kabla ya kuugua. Basi.

Kinachonikera ni hilo la "mapafu". Mwenye kuchinja mbuzi anaujua utando huu bila kufundishwa na daktari. Ukiosha mbavu kabla ya kuzikata, upande wa ndani utaona ngozi nyembamba inayong'aa, imeganda juu ya mifupa. Wenye subira huichuna kwa ncha ya kisu, wasio na subira huipika hivyo hivyo ikajikunja sufuriani. Huo ni utando wa nje. Pafu lenyewe, lile wanalotupiwa paka wa mji huu, nalo limevikwa utando wake, ndiyo maana linateleza mkononi. Katikati ya tando hizo mbili kuna umajimaji kidogo sana, na kwa huo pafu linapanda na kushuka unapohema bila kukwaruzana na mbavu.

Saratani ya mapafu huota ndani ya pafu. Mesothelioma hutambaa kwenye utando, utando ukawa mnene kama ganda, ukalibana pafu lisitanuke, na maji yakajaa katikati. Yale "maji kwenye mapafu" aliyotolewa marehemu mara tatu hayakuwa kwenye mapafu. Yalikuwa nje yake, ndiyo maana sindano iliingizwa kati ya mbavu na pafu likaachwa salama.

Ami wangu ataniambia kifua ni kifua, utando na pafu vina tofauti gani kwa mtu aliyekwisha zikwa? Tofauti iko kwenye swali linalofuata. Ukitaja saratani ya mapafu, mshtakiwa wa kwanza ni sigara, na mara nyingi anashtakiwa kwa haki. Mesothelioma haina habari na sigara. Avutaye na asiyevuta wako sawa mbele yake. Asbesto inaweza pia kuleta saratani ya mapafu yenyewe, na hapo sigara huizidisha hatari mara nyingi, lakini huo ni ugonjwa mwingine. Na asbestosisi, ambayo ni mapafu kujaa makovu kwa ajili ya vumbi hilo hilo, ni ugonjwa wa tatu, tena si saratani. Majina matatu, na watu wanayatumia kama majina ya mtu mmoja.

Neno lenyewe lina vituko. Nusu yake ni "mesos" ya Kigiriki, yaani kati. Mwisho wake, "oma", ni mkia ambao madaktari huupachika kwenye majina ya uvimbe. Pale katikati pamejificha "thele", na thele ni chuchu. Chuchu imefikaje kwenye mbavu? Mwanzoni mwa miaka ya 1700 Mholanzi mmoja mpasuaji wa maiti, Frederik Ruysch, alihitaji jina la ngozi laini inayofunika vijichuchu vidogo vya midomo, akaunda "epithelia" kutokana na neno hilo. Waliomfuata wakalichukua na kuliita kila tabaka jembamba linalofunika kitu mwilini, pawe na chuchu au pasiwe. Kwa hiyo ukifasiri neno kwa neno unapata uvimbe wa chuchu ya kati, jambo ambalo sikuthubutu kulisema mbele ya wafiwa.

"Asbesto" ndiyo tamu zaidi, hasa kwa mtu wa Lamu. Kwa Kigiriki maana yake ni isiyozimika, na Wagiriki wa kale walipolitumia kama jina la kitu, walikusudia chokaa. Chokaa hii hii. Ile iliyotoka tanuuni haijaguswa na maji, ambayo ukiimwagia maji inachemka na kutoa mvuke kama ina moto tumboni. Dioscorides, tabibu wa karne ya kwanza, chokaa ndiyo aliyoiita hivyo. Jiwe lenye nyuzi, lile tunaloliogopa leo, yeye aliliita "amiantos", lisilochafuka, kwa kuwa kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi zake kikitupwa motoni hutoka kimetakata. Majina yakaja yakabadilishana wenyewe, na Waingereza wakarithi mkorogo huo, nasi tukaurithi kwao. Waitaliano wa Malindi wamebaki na lililo sahihi, wao husema "amianto". Na Mgiriki wa leo akikwambia nyumba yake imepakwa "asvesti", usimkimbie, amepaka chokaa.

Hilo nililisimulia siku moja mbele ya fundi ambaye amezipaka kuta za mji huu chokaa tangu utotoni, akanyamaza ghafla, akaangalia viganja vyake. Nikajuta. Chokaa yetu ni matumbawe yaliyochomwa, haina asbesto hata chembe. Inaunguza macho na kuchubua ngozi, na vumbi lake huwasha koo na pua, lakini hailetI mesothelioma.

Na "saratani ya mabati" je? Hapo jina limetupoteza kabisa. Bati ni chuma, halina neno. Lakini zile sahani za kijivu zenye mawimbi, nzito, zilizoezekwa kwenye majengo mengi ya zamani ya serikali na mashule hapa nchini, tumeziita mabati ya asbesto kwa kuwa zinafanana na bati kwa umbo. Hazina bati ndani yake. Ni saruji iliyochanganywa na nyuzi za asbesto. Zikiwa nzima na zimetulia hazitoi vumbi kubwa, balaa ni kuzikata, kuzitoboa, kuzivunja na kufagia vipande. Tangu kanuni za taka za mwaka 2006, asbesto ni taka ya hatari nchini Kenya, na kuibeba au kuitupa kunataka kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira. Nami nimemwona mtu akiogopa mabati yake mapya ya chuma, huku amelizibia banda la kuku kwa vipande vya zile za kijivu alivyovunja mwenyewe kwa nyundo.

Uzi wa asbesto ni mwembamba kuliko unywele kwa mbali sana, na hupasuka kwa urefu ukawa mwembamba zaidi. Ukishafika ndani kabisa, mwili hauwezi kuuyeyusha, na chembe zinazosafisha mapafu hazina uwezo wa kuumeza mzima. Unakaa. Miaka 20, 30, 50. Watu waliunganisha mambo haya vizuri mwaka 1960, pale Wagner, Sleggs na Marchand wa Afrika Kusini walipochapisha habari za wagonjwa 33. Sleggs alikuwa kwenye hospitali ya kifua kikuu huko Kimberley, akaona kuna wagonjwa wasiopata nafuu kwa dawa za kifua kikuu, na wengi wanatoka upande mmoja, wa machimbo ya asbesto ya buluu. Na si wote waliochimba. Wengine waliishi tu karibu na machimbo walipokuwa wadogo.

Marehemu wetu hakuchimba popote. Alikuwa baharia wa meli za mvuke kuanzia 1971 hadi 1979, chini kabisa kwenye injini. Mabomba ya mvuke yalikuwa yamevikwa asbesto ili joto lisipotee. Mwenyewe alikuwa akitusimulia, kwa kucheka, jinsi bomba likifunguliwa kulikarabati weupe ulivyokuwa ukiwashukia vichwani kama sufi ya mto uliopasuka, na wao wakirushiana kwa mchezo.

Kwa hiyo jioni ile ya tatu nilisubiri watu wapungue, nikamsogelea ami. Nikamwambia kwa heshima yake, si mabati, na si mapafu, ni utando, na uliharibika kabla mimi sijazaliwa.

Akafikiri. "Kwani hakuwa akivuta?"

"Alikuwa akivuta, ami. Pumzi, ndani ya meli."

Akaomba nimtajie lile neno tena, polepole. Kwenye silabi ya tatu akanizuia kwa mkono, akasema atalisema "la utando" tu, na aliyeuliza kuhusu sigara atamwambia yeye mwenyewe kesho alfajiri, msikitini.